Maji ya Wadi Hanifa



Katika somo la tohara mwanafunzi mmoja aliniuliza: “Maalim, maji yaliyokwisha haribiwa na uchafu wa mji, yaweza kuwa tohara tena?” Nilimwambia angoje, maana swali hilo lilitaka mfano, na mfano nimeupata Riyadh, Saudi Arabia.

Kando ya mji huo lapita bonde liitwalo Wadi Hanifa, urefu wake yapata kilomita 120. Asili yake ni bonde kavu, lipitalo maji mvua inyeshapo. Mji ulipokua watu wakachimba humo mawe na changarawe, wakatupa taka, na maji machafu yakateremka humo mwaka mzima.

Wakuu wa mji waliziondoa taka, kisha wakajenga vidimbwi 134 vya kusafishia maji. Humo maji huporomoka juu ya vizuizi vya mawe yakachanganyika na hewa, na pampu nazo hupuliza hewa chini. Juu ya mawe hukaa viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo viulavyo uchafu. Mwani hunyonya mbolea iliyomo majini, samaki hula mwani, na ndege hula samaki. Mwaka 2010 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo, ingawa jengo hasa halipo!

Sasa swali letu. Sisi Mashafi twajua kwamba maji yafikayo kulateni hunajisika najisi ikibadili rangi, ladha au harufu yake. Badiliko likiondoka lenyewe, maji hurudi tohara. Tena mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba maji machafu yakisafishwa hata isibaki alama ya najisi, yafaa kwa udhu. Ama kuyanywa, sharti yasiwe na madhara kwa afya. Basi msichanganye, vijana: maji yaweza kuwa tohara na bado yakamwuguza mtu. Yale ya Wadi Hanifa hunywesha mitende na mashamba.

Nilipomaliza, yule kijana akauliza: “Na mfereji wa mtaani kwetu, Maalim?” Nikanyamaza kidogo. Mfereji ule hauna jiwe lililopangwa wala tete lililopandwa, na maji ya birika letu la udhu huishia humo humo.