Nyumba Haijengwi kwa Kuaminiana Tu

Msafiri anayetoka Singida kwenda Nzega, akisha kuteremka mlima wa Sekenke, huingia Shelui, mji mdogo wa Wilaya ya Iramba ulio kando ya barabara kuu. Hapo, kama ilivyo katika miji midogo mingi ya nchi hii, mwalimu, mganga, karani na mfanyabiashara wote wana shauku moja: kujenga. Shauku hiyo ni njema. Mtumishi anayejenga kabla ya kustaafu anajiondolea fedheha ya kuhangaika na mizigo uzeeni. Lakini jinsi ujenzi huo unavyoendeshwa ni jambo linalostahili kutazamwa bila kuoneana haya.

Desturi iliyozoeleka ni hii. Mtumishi anakopa benki, na makato ya mkopo huo yatamfuata katika mshahara wake kwa miaka kadhaa. Anamtafuta fundi aliyesifiwa na jirani. Wanakubaliana kwa mdomo chini ya mwembe, ramani inachorwa kwa kijiti mchangani, na fedha za kuanzia zinatolewa bila hata stakabadhi. Mwezi wa pili fundi anaomba nyongeza. Mwezi wa tatu amepata kazi nyingine Igunga. Mvua za kwanza zinapokuja, ukuta umepata ufa unaopitisha kiganja, na hapana karatasi yoyote inayoonyesha nani aliahidi nini.

Ni ajabu kwamba mambo haya huwapata watu wasomi. Mwalimu anayemnyima mwanafunzi alama kwa kutoonyesha njia ya hesabu yake, anatoa akiba ya maisha yake pasipo kuonyeshwa hesabu yoyote. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa pande hizo hizo za Sekenke, ambako dhahabu ilichimbwa tangu zama za Wajerumani, hawauzi hata punje moja bila mzani. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ya nchi haikulisahau jambo hili. Tangu mwaka 1972 ilikuwapo bodi moja iliyowasimamia wasanifu wa majengo, wakadiriaji majenzi na makandarasi wa majengo kwa pamoja. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha Sheria ya Usajili wa Makandarasi, Na. 17, nayo ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Bodi hiyo huwaandikisha makandarasi kwa aina na kwa madaraja. Makandarasi wa majengo wana madaraja 7, la kwanza likiwa la kazi kubwa kabisa na la 7 likiwa la kazi ndogo. Mkandarasi wa barabara ana daftari lake, na wa umeme ana lake. Kwa hiyo aliyeandikishwa kuchimba mitaro na kumwaga lami hakuandikishwa kwa sababu hiyo kujenga nyumba, hata kama ana magari makubwa yenye jina lake ubavuni.

Faida ya daftari hilo ni uwajibikaji. Mkandarasi aliyeandikishwa ana anwani inayojulikana, ana watu wenye elimu ya kazi anaowajibika kuwa nao, na ana kitu cha kupoteza, kwa kuwa Bodi inaweza kumfuta. Fundi asiye na karatasi akiharibu huhama kijiji tu. Wazo hilo si geni duniani. Yapata miaka 1750 kabla ya Kristo, sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli zilikwisha amuru kwamba mjenzi ambaye nyumba yake imeporomoka na kumwua mwenyewe, naye auawe. Ukali huo hautakiwi leo, lakini msingi wake ungali sahihi: ajengaye awe ni mtu anayeweza kuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba majanga ya majengo ni ya Dar es Salaam na maghorofa yake. Ni kweli kwamba taifa liliomboleza tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka na kuua watu 36, na likaomboleza tena tarehe 16 Novemba 2024, jengo la Kariakoo lilipowafunika watu na kuua zaidi ya 20. Lakini ardhi haichagui mji. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa nyumba za kawaida za chini. Singida nayo imo katika njia ya Bonde la Ufa.

Hata bila tetemeko, Shelui ina mtihani wake. Mji huo uko karibu na mbuga ya Wembere, na udongo mweusi wa mbuga una tabia inayojulikana: wakati wa masika huvimba, wakati wa kiangazi husinyaa na kupasuka. Msingi uliochimbwa kwa kina cha mazoea juu ya udongo wa namna hiyo hunyanyuliwa na kuachwa kila mwaka, mpaka ukuta uchoke. Tena Singida ni mkoa wa mvua chache, na maji ya kiangazi hupatikana kwa taabu. Zege lisilomwagiliwa maji kwa siku 7 za mwanzo halikomai ipasavyo, na matofali ya saruji yaliyoanikwa juani siku ile ile yaliyofyatuliwa humeguka kama mkate mkavu. Fundi mwenye haraka hununua maji ya kuchanganyia tu. Mjenzi anayewajibika huyaweka maji ya kumwagilia katika hesabu tangu siku ya kwanza.

Hoja ya upande wa pili ni nzito, na haifai kupuuzwa. Mkandarasi ni ghali. Analipa kodi, ada ya Bodi, ofisi na wataalamu, na gharama hizo zote humwangukia mwenye nyumba. Zaidi ya hayo, mtumishi wa mshahara mdogo hujenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, mabati Mungu akipenda. Makandarasi wengi hawaitaki kazi ya namna hiyo. Vile vile wapo mafundi wasio na cheti chochote ambao mikono yao ni hodari na dhamiri zao ni safi. Kuwatukana wote kwa jumla ni kukosa haki.

Lakini hoja hiyo inadai utaratibu mwafaka, wala haihalalishi kukosa utaratibu. Asiyeweza kumlipa mkandarasi kwa nyumba nzima aweza kumpa sehemu zile ambazo zikiharibika hazirekebishiki kwa urahisi: msingi, nguzo na mikanda ya zege, na kenchi za paa. Walimu watano wenye viwanja katika mtaa mmoja waweza kumwita mkandarasi mmoja wa daraja la chini kwa kazi tano, wakagawana gharama za mchoro na usafiri. Na fundi wa mtaani aweza kutakiwa aonyeshe cheti cha ufundi, kwa kuwa VETA imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi nje ya darasa.

Lililo muhimu kuliko yote ni mkataba wa maandishi. Uwe na mchoro, orodha ya vifaa, bei, muda wa kumaliza na saini za mashahidi. Malipo yafuate kazi iliyokwisha kufanyika na kukaguliwa, si kazi inayotazamiwa. Sehemu ya fedha izuiwe mpaka kipindi cha matazamio kipite, ili kasoro zinazojitokeza baada ya masika ya kwanza zirekebishwe na yule yule aliyezisababisha. Kabla ya kutia saini, namba ya usajili iulizwe kwa Bodi, pamoja na daraja, aina ya kazi na kama ada ya mwaka imelipwa. Anayeudhika kwa kuulizwa hayo amekwisha jieleza.

Isisemwe kwamba walimu hawayawezi. Mwaka 2021, Serikali ilipotumia mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa, madarasa 15,000 ya sekondari na vituo shikizi yalianza kujengwa nchini, mengi kwa mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa shule zenyewe. Walimu wakuu walikaa na kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Walihesabu mifuko ya saruji, wakakagua nondo, wakaandika kila kilichoingia na kutoka. Mwalimu aliyekataa kupokea mbao mbovu kwa ajili ya darasa hana sababu ya kuzipokea kwa ajili ya chumba watakamolala watoto wake.

Halmashauri nazo zina wajibu wao. Kibali cha ujenzi kisiwe karatasi ya kukusanyia ada pekee. Kifuatwe na mhandisi anayefika kuuona msingi kabla haujafukiwa. Majina ya makandarasi wa madaraja ya chini na ya mafundi waliopimwa yabandikwe katika ofisi za kata, mahali mtu wa Shelui anapoweza kuyasoma bila kufunga safari ya kwenda mjini. Sheria isiyomfikia mwananchi haimlindi.

Barabara ile ipitayo Shelui ilipojengwa, mwenyewe alijulikana, mkandarasi alijulikana na msimamizi alijulikana. Nyumba ya mtumishi ni ndogo kuliko barabara, lakini kwake yeye ndiyo kazi kubwa kuliko zote atakazopata kuzigharimia. Naye anapaswa kujua, kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, ni nani atakayejibu ukuta ukipasuka.