Anayegonga na Kutoroka Tumnyime Maficho

Dereva anayegonga mtu usiku na kukanyaga mafuta hatoroki peke yake. Kuna abiria aliyeketi kando yake akanyamaza. Kuna mlinzi aliyemfungulia geti saa tisa za usiku akaona taa iliyopasuka. Kuna fundi aliyenyoosha bodi kabla hakujapambazuka, akalipwa maradufu, hakuuliza kitu. Na tupo sisi tuliokuwa kando ya barabara, tukaona rangi ya gari na nusu ya nambari yake, kisha tukaenda zetu kwa kuogopa kupoteza siku kituoni na mahakamani. Kwa hiyo wito huu nautoa kwetu sisi kabla ya kuwageukia polisi.

Kila mwaka kati ya 2021 na 2024, barabara zetu za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,000, na kundi kubwa kuliko yote ni la waenda kwa miguu. Ni mama anayevuka Barabara ya Mombasa pale Mlolongo akitoka zamu ya usiku. Ni kijana wa Githurai anayekatiza Barabara ya Thika kwa sababu daraja la miguu liko mbali. Mtu kama huyo akigongwa gizani, mara nyingi aliyemgonga ndiye pekee anayejua amelala pale. Akiondoka, gari la nyuma linaweza kumpitia tena, na damu ambayo ingezuiwa kwa leso na mkono wa mtu inaendelea kuvuja. Kwangu mimi, huko kuondoka ni kosa kubwa kuliko hata kule kugonga.

Sheria haijakaa kimya. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamtaka dereva asimame, na ampe jina, anwani, jina la mwenye gari na nambari ya gari yeyote mwenye sababu ya maana ya kuviuliza. Si polisi pekee. Hata jamaa wa majeruhi anaweza kuuliza. Mtu akiumia, dereva lazima aripoti polisi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 24 kwisha. Kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, chini ya kifungu cha 46, kunaweza kumfunga miaka hadi 10.

Lakini yote hayo yanahitaji gari lijulikane. Bima ya lazima hulipa fidia ya hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, ila bima hiyo inafuata gari. Nambari isipopatikana hakuna wa kushtakiwa, na ile miaka mitatu ya kufungua kesi ya fidia inayoyoma huku familia ikichangisha pesa za hospitali kwenye kikundi cha WhatsApp. Herufi na tarakimu chache ulizoziona ukazipuuza zingeweza kuwa karo ya watoto wa marehemu.

Sasa niseme lililo gumu. Madereva wengi hukimbia kwa sababu wanatuogopa. Machi 2022, katika Barabara ya Profesa Wangari Maathai jijini Nairobi, kundi la waendesha bodaboda lilimvamia mwanamke ndani ya gari lake baada ya kisa cha barabarani, na nchi nzima ikaona kwenye video. Kila tunapompiga aliyesimama, tunamfundisha mwingine asisimame, na anayelipia somo hilo ni majeruhi wa kesho. Nawe dereva, ukiona mawe yanaokotwa, piga 999 au 112, taja mahali alipo majeruhi, kisha nenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu. Usielekee nyumbani.

Vijana wa bodaboda, mara nyingi ninyi ndio hufika kwanza. Wawili wasimamishe magari yanayokuja, mmoja apige simu, mwingine akae na dereva na kuhakikisha haguswi. Majeruhi asikunjwe juu ya pikipiki. Akifika hospitali na malipo ya awali yakadaiwa langoni, itajeni Katiba kwa sauti: Ibara ya 43(2) inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Gari likiwa limeshatoroka, vipande vya taa na bampa viachwe vilivyo hadi polisi wafike. Humo mna rangi na aina ya gari. Mwendeeni meneja wa kituo cha mafuta kilicho karibu usiku huohuo mumwombe ahifadhi picha za kamera, kwa kuwa baada ya muda mashine huzifuta zenyewe, kisha mwambieni polisi ziko wapi. Andikisheni taarifa, mpewe nambari ya OB (kitabu cha matukio), na msiiache familia ihangaikie fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha na abstrakti ya polisi peke yake.

Mafundi, nawasihi zaidi ya wengine. Gari likiletwa alfajiri likiwa na kioo cha mbele kilichobonyea kwa umbo la kichwa cha mtu, ombeni abstrakti ya polisi kabla ya kushika spana. Mkikubaliana hivyo gereji zote za mtaa mmoja, mwenye gari hatakuwa na pa kulipeleka.

Katika baraza lijalo la chifu, ombeni dakika kumi za jambo hili. Wachagueni watu wawili au watatu walio tayari kusindikiza mashahidi kituoni na kufika nao mahakamani kila kesi inapotajwa, kisha sisi wengine tuchange nauli yao.