Baiskeli Ruhusa Hapa, Pale Marufuku

Mtu aliyelelewa Nyeri, Kisii au Kitale akiambiwa kwamba huko ng'ambo watu wanatoa fedha nyingi kununua baiskeli ya kupitia barabara ya vumbi, bila shaka atacheka. Kwake yeye vumbi si starehe hata kidogo. Ndilo linalomchelewesha kazini, na yale mawe ndiyo yanayomvunjia mayai kabla hayajafika sokoni. Ile baiskeli nzito nyeusi tuliyoiita mamba ilikwisha kupita njia hizo zote, ikiwa na gunia la kabichi nyuma na mtoto mbele, wala hapakuwa na aliyeiita mchezo.

Lakini mchezo umekuwa. Baiskeli yenyewe ni ndugu ya ile ya mashindano ya barabara ya lami: usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, ila magurudumu ni mapana zaidi, na breki ni madhubuti ili mtu asivingirike bondeni. Mchezo huu ulishika mizizi Marekani, katika jimbo la Kansas, ambako mashindano ya maili 200 za changarawe yalianza mwaka 2006. Kutoka huko ukaenea hadi Ulaya, na mwaka 2021 ukafika Maasai Mara, ambako waendeshaji hushindana kwa siku nne na kukata kilomita zipatazo 650.

Uingereza ndiko mchezo huu umezua maneno, na maneno yenyewe yanastahili kusikilizwa na Mkenya. Nchi ile ina mandhari ambayo mwendesha baiskeli wa changarawe huyaota usiku. Kuna nyika za milimani zisizo na miti, zenye vichaka vifupi ambavyo mwezi wa Agosti huchanua maua ya rangi ya zambarau. Kuna misitu, na chini yake mabonde ya mito yenye madaraja ya mawe ambayo zamani yalivukwa na farasi waliobeba sufu na chumvi. Mwaka 2019 chama cha waendesha baiskeli cha nchi hiyo kilitangaza njia moja ndefu ya maili 800, kuanzia milima ya Peak District katikati ya Uingereza hadi pwani ya kaskazini kabisa ya Uskochi. Mwaka uliofuata kikatangaza nyingine ya kilomita 350, yenye kuzunguka kusini na kurudi pale ilipoanzia, mjini Winchester.

Sasa msomaji atauliza: ikiwa njia zipo, ugomvi uko wapi? Uko katika sheria. Uingereza ina njia za umma zilizoandikwa katika ramani ya serikali, takriban kilomita 190,000. Mwenye shamba hana ruhusa ya kuzifunga, hata kama zinapita mbele ya mlango wake. Walakini njia hizo si za aina moja. Nyingi ni za miguu tu; mwenye baiskeli hana haki ya kuzipita. Nyingine ni za farasi, na humo baiskeli iliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1968, kwa sharti kwamba mwendeshaji awapishe waendao kwa miguu na wapanda farasi. Ukizijumlisha njia zote ambazo baiskeli ina haki nazo, utapata kama asilimia 22.

Na upambanuzi huo haukutokana na hali ya ardhi. Ulitokana na jinsi makarani wa wilaya walivyoandika walipokuwa wakichora ramani hizo baada ya sheria ya mwaka 1949. Wilaya moja iliandika njia ya farasi, jirani yake ikaandika njia ya miguu, na njia yenyewe ni ile ile moja! Basi mwendesha baiskeli hufika mpakani akakuta kwamba haki yake imekatika kama kamba, ingawa changarawe inaendelea mbele yake vizuri tu.

Ukivuka kuingia Uskochi mambo ni mengine. Huko sheria ya mwaka 2003 ilimpa kila mtu haki ya kupita karibu kila mahali, kwa miguu, kwa farasi au kwa baiskeli, mradi asiharibu mali na asiwasumbue wenyeji. Mtu anayeifuata ile njia ya maili 800 huanza safari akiwa mtu wa kuhesabiwa hatua, akaimaliza akiwa mtu huru, na hakubadilisha hata tairi.

Tusidhani kwamba haki hizo walipewa kwa hisani. Tarehe 24 Aprili 1932, vijana wafanyakazi kutoka Manchester na miji ya karibu, mamia yao, walipanda mlima wa Kinder Scout, ambao wakati huo ulikuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri waliokwenda kuwinda ndege. Walinzi waliwakabili, pakawa na purukushani, na vijana watano wakafungwa gerezani, wengine miezi miwili, wengine hadi sita. Eneo hilo hilo likaja kuwa mbuga ya kwanza ya taifa Uingereza mwaka 1951. Sheria ya mwaka 2000 ikafungua nyika na milima kwa umma, lakini kwa miguu peke yake.

Na ugomvi haujakwisha. Katika nyika ya Dartmoor, wenye ardhi wawili, mume na mke, walikwenda kortini wakitaka watu wasilale mle kwa hema pasipo idhini yao. Walishinda mwanzo, Januari 2023, wakashindwa katika rufaa mwaka huo huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya juu kabisa ikaamua kwamba kulala kwa hema ni sehemu ya burudani inayolindwa na sheria ya Dartmoor ya mwaka 1985. Watu walishangilia. Waendesha baiskeli nao walishangilia, ingawa sheria hiyo inataja mwenda kwa miguu na mpanda farasi tu. Baiskeli haimo. Mtu anaweza kulala pale nyikani mpaka asubuhi, ila baiskeli yake ibaki njiani.

Pia kuna njia za kale zisizomo katika ramani kabisa. Sheria ile ya mwaka 2000 iliweka siku ya mwisho ya kuzisajili, mwanzo wa 2026. Ikasogezwa hadi 2031, na Desemba 2024 serikali ikatangaza kwamba itaifuta. Chama cha watembeaji kilizitafuta katika ramani za zamani kikapata zaidi ya maili 49,000 katika Uingereza na Wales. Baadhi yake, kwa hakika, zilikuwa za mikokoteni na farasi, na zikithibitishwa baiskeli nayo itapita.

Hata hivyo mimi siwaungi mkono waendesha baiskeli kwa kila jambo. Udongo wa nyika zile ni wa mboji, mweusi, ulioloa maji kama sifongo, uliojengwa na mimea iliyooza kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Huko Peak District moshi wa viwanda uliua mimea yake, mboji ikabaki uchi, na tangu mwaka 2003 kuna kazi kubwa ya kuziba mitaro na kupanda upya kuvumwani. Gurudumu moja halina neno. Magurudumu mia katika mfuo mmoja, siku ya mvua, huchimba mfereji, na mfereji hukausha mboji. Kwa hiyo madai ya kuwa kama mguu unapita basi tairi ipite kila mahali, naona ni ya mtu asiyeshuka kwenye baiskeli akatazama chini. Barabara ngumu za msituni na mabondeni ndizo wangepigania kwanza.

Sisi tulimpoteza Sule Kangangi katika mchezo huu. Alianguka tarehe 27 Agosti 2022 akishindana katika jimbo la Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Mashindano yale hupita katika barabara za zamani ambazo serikali za mitaa haziziziki kwa kazi ya kuzitengeneza, lakini hazikuwahi kufungwa. Kisheria zingali mali ya umma.

Kwetu mambo huenda kinyume. Shamba hugawanywa, mnunuzi huja na nguzo na seng'enge, na kijia kilichopitwa na kijiji kizima tangu enzi za mababu hutoweka kwa siku moja, kwa kuwa hakikuandikwa popote. Siku inayofuata watoto wa shule huzunguka ua mzima, na mwenye mamba huishukia akaikokota kando ya seng'enge mpaka barabarani.