Mrekebishaji wa Kanzidata Naye Yumo Katika Tiba

Jioni, katika kituo cha afya chochote pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Mbagala upande wa Temeke au Bunju upande wa Kinondoni, umeme unaweza kukatika wakati kumbukumbu za mgonjwa zinaandikwa. Mgonjwa amekwisha kusema kwamba penisilini humtoa vipele na kumbana pumzi. Muuguzi ameuingiza mzio huo, tabibu ameagiza dawa, na kabla taarifa hazijahifadhiwa, kioo cha kompyuta kinazimika. Umeme ukirudi, mtu wa dirisha la dawa ataona nini? Dawa pamoja na mzio, au dawa peke yake?

Jibu la swali hilo halimo mikononi mwa tabibu wala muuguzi. Lilikwisha kuamuliwa na mtu ambaye mgonjwa hatamwona kamwe: mtaalamu aliyeisanifu kanzidata ya hospitali na anayeirekebisha. Mtaalamu huyo anastahili kuhesabiwa miongoni mwa watoa tiba, na kazi yake ya matengenezo inastahili fungu la kudumu. Mara nyingi mambo huwa kinyume: fedha na hotuba huja siku ya uzinduzi, nayo matengenezo huachiwa bahati.

Ndani ya kanzidata mna sehemu iitwayo injini ya uhifadhi, ambayo ndiyo huandika taarifa kwenye diski na kuzisoma. Kanzidata ya MySQL, inayotumika sana duniani, humwezesha msanidi kuchagua injini. Ya zamani, MyISAM, ndiyo iliyokuwa chaguo la kawaida hadi mwaka 2010, ilipoachia nafasi hiyo kwa InnoDB, kazi iliyoanzishwa na Mfini Heikki Tuuri.

InnoDB hufuata kanuni ya muamala, na kila aliyewahi kutuma fedha kwa simu anaijua kanuni hiyo: ama fedha zimetoka huku na kuingia kule, ama hakuna kilichofanyika. Injini huandika kwanza mabadiliko katika daftari lake la ndani. Umeme ukirudi, hulisoma daftari hilo, hukamilisha muamala uliokwisha kuthibitishwa na kuutangua ule uliokatikia njiani. Iwapo msanidi amefunga mzio na dawa katika muamala mmoja, vyote viwili vitakuwapo au vyote viwili vitaombwa upya. Hakutakuwa na dawa bila mzio.

MyISAM haina kinga hiyo. Tena hufunga jedwali zima wakati wa kurekebisha rekodi moja, hata karani mmoja wa mapokezi anaposahihisha jina, wenzake husubiri na foleni hurefuka. Vilevile haisimamii uhusiano kati ya majedwali, hivyo majibu ya maabara yanaweza kubaki bila mwenyewe. Kupandisha toleo la MySQL pekee hakuyahamishi majedwali ya zamani. Sharti mtu mwenye ujuzi ayahamishe, kwa uangalifu na baada ya kuweka nakala.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianzisha kumbukumbu za wagonjwa kwa kutumia Microsoft Access. Huduma za VVU zilipopanuka, chombo hicho hakikutosha tena, na mwaka 2006 wakahamia OpenMRS, mfumo huria unaotumia MySQL. Uhamisho huo uliwezekana kwa sababu walikuwapo watu waliobaki kazini baada ya uzinduzi.

OpenMRS huruhusu programu jalizi: hospitali huongeza sehemu ya maabara au ya kliniki ya wajawazito bila kugusa kiini cha mfumo. Hiyo ni neema, lakini ina sharti lake. Programu jalizi huishi ndani ya mfumo uleule na huzifikia taarifa zilezile. Ikikosa mtunzaji, mfumo ukipandishwa toleo inaweza kugoma, au kuuzuia mfumo mzima usiwake. Kabla ya kuipokea, hospitali iulize kama inavyouliza kuhusu mashine mpya: nani ataitunza mradi ukiisha?

Kurekebisha kasoro nako si kazi ya msanidi peke yake. Mwaka 1986, katika kituo cha saratani huko Tyler, Texas, mashine ya Therac-25 iliwapa wagonjwa wawili mionzi ya kupita kiasi, na wote wakafariki. Kasoro ya programu yake ilifichuliwa na mwanafizikia wa kituo hicho pamoja na mwendesha mashine, ambaye alikumbuka kwamba alikuwa amesahihisha maandishi kwa haraka sana. Kumbukumbu ya mtumiaji ndiyo iliyofungua fumbo.

Atasema msimamizi kwamba penye uhaba wa dawa na vitanda, seva isubiri. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa hiyohiyo haba hupotea mfumo unapodanganya kuhusu akiba, na kipimo hicho hicho cha ghali hurudiwa majibu yanapopotea.

Yapo mambo matatu yasiyohitaji kungoja mfadhili. Kwanza, kila mkataba wa mfumo utaje mrekebishaji na muda wake wa kuitikia. Pili, kitengo cha TEHAMA kijaribu kurejesha nakala za akiba kwa ratiba, kwani nakala isiyowahi kurejeshwa haijathibitishwa. Tatu, wahudumu waripoti kasoro kama wanavyoripoti madhara ya dawa: ukurasa gani, saa ngapi, kilitarajiwa nini, kikatokea nini. Taarifa hiyo isibebe jina la mgonjwa, wala picha ya kioo isisambazwe katika makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mgonjwa humo pia.

Vyuo vya tiba vifundishe uandishi wa ripoti hiyo pamoja na uchukuaji wa historia ya mgonjwa. Umeme utakatika tena Mbagala. La muhimu ni kwamba ukirudi, mzio wa penisilini uwe bado umeandikwa.