Ianze redio, kisha intaneti

Ndugu mwandishi, nakuunga mkono kwamba halmashauri yapasa kuwa na mpango wa masomo ya mbali kabla maradhi mengine hayajabisha hodi. Walakini nahitilafiana nawe katika rai ya kuanzia kwenye intaneti. Shule za Tanzania zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, hata kidato cha sita kikarejea tarehe 1 Juni na wengine tarehe 29, vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni. Lakini huku kijijini Mlingotini, Bagamoyo, ambako aghalabu simu ya intaneti ni moja nyumbani, nayo huondoka na baba alfajiri aendapo baharini, mtoto angesoma mtandaoni kwa kifaa gani? Kwa jirani yangu naliona watoto watatu wameizunguka redio moja ya betri, kila mmoja akingojea zamu ya darasa lake. Basi halmashauri na ihesabu kwanza redio na simu kaya kwa kaya, itangaze ratiba misikitini, makanisani na mnadani pa samaki, na walimu wapeleke maswali yaliyochapwa na kuyasahihisha kila wiki. Wenzetu wa Uganda, wanafunzi wengi walikosa shule karibu miaka 2, hadi Januari 2022. Muda kama huo ukitufika, vipindi bila mwalimu wa kusahihisha havitatosha.