Mtoto wa Kambare Naye Ana Ndevu

Nyumba isiyo na mkubwa wala mdogo tunaiita nyumba ya kambare: baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto naye ana ndevu. Nilikuwa nikiuona msemo huo kuwa utani tu, mpaka jioni moja jirani yangu aliporudi na mfuko wa nailoni uliojaa maji, ndani yake samaki wa urefu wa kidole. Mgongo wa kijivu iliyokoza, ubavu una mstari mweupe, mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva, na sharubu ndefu zilizomfanya afanane na mzee wa baraza. Kwa kumtazama tu, usingedhani ni mtoto. Muuzaji naye alinyamaza.

Alikuwa kambare mkia-mwekundu wa mito ya Amazoni na Orinoko. Wabrazili humwita pirarara, jina la Kitupi linalomfananisha na arara, yule kasuku mkubwa wa huko mwenye rangi za kung'aa. Porini hupita urefu wa mita 1 na uzito wa kilo 40. Dukani huuzwa akiwa na sentimita 5 hadi 8. Mwaka wa kwanza hauishi kabla hajapita 30, na akitunzwa vizuri ataishi zaidi ya miaka 15. Tangi la jirani lilikuwa la lita 200, zawadi ya shemeji yake, na lilikuwa tayari na samaki saba wa dhahabu. Baada ya miezi minne alibaki mmoja, mwenye ndevu. Kambare huyu hana habari ya kutafuna. Hufungua mdomo mara moja, maji yakaingia na chochote kilichokuwa mbele yake. Wafugaji huwakuta wamemeza hata mawe ya mapambo.

Bibi wa nyumba ile, mtu wa Rufiji, alimtazama wiki nzima kisha akauliza: "Mjukuu wangu, huyu mnamnenepesha kwa sikukuu gani?" Watu walicheka. Mimi niliona hilo ndilo swali la kwanza la maana kuulizwa juu ya yule samaki tangu atoke dukani.

Swali la pili ni la wote. Je, samaki wa namna hii waachwe wauzwe kwa yeyote mwenye fedha na kona tupu sebuleni? Wenye uraibu wa kufuga samaki watasema kila mtu na mali yake, na kwamba wapo wenye mabwawa makubwa na uwezo wa kuyaendesha. Kweli wapo. Sheria ya kumpiga marufuku mfugaji mwenye bwawa kwa sababu ya jirani yangu mwenye tangi la zawadi itakuwa ya uonevu. Ila biashara hii haitegemei wenye mabwawa. Inategemea wanunuzi wa kidole kimoja, ambao ni wengi, nao wananunua bila kujua wanachokinunua.

Wanapouliza, jibu la dukani huwa moja: samaki hukua kwa kadiri ya tangi lake. Hii ni hadithi iliyoenea katika nchi nyingi, na ndiyo hasa inayoendesha mauzo. Samaki hupokea amri ya kukua kutoka kwenye damu yake. Kioo hakina usemi hapo. Akifungiwa padogo, uchafu wake mwenyewe hujaa majini, afya ikazorota, kimo kikadumaa, na mara nyingine uti wa mgongo ukapinda. Mtoto aliyedumaa kwa njaa hatumwiti mfupi kwa asili.

Hebu tupige hesabu. Samaki wa mita 1 anahitaji angalau mita 1.5 za upana ili ageuke bila kujikunja. Mpe urefu wa mita 3 na kina cha mita 1: hizo ni lita 4,500, na kwa kuwa lita ya maji ni kilo moja, ni tani 4 na nusu kabla hujapima kioo. Huo ni mzigo wa Canter iliyoshiba, umeushusha sebuleni, pengine ghorofa ya pili. Kisha kuna amonia inayotoka kwenye kinyesi na mashavu ya samaki, ambayo huliwa na bakteria wanaoishi ndani ya chujio; umeme ukikatika, pampu ikinyamaza, bakteria hao nao huanza kukosa hewa. Ukibadilisha robo tu ya maji kila wiki, ni ndoo 56 za lita 20. Mtaani kwetu maji hutoka kwa zamu, na ndoo ya kwanza huenda jikoni.

Kwa hiyo watu huchoka, tena bila ubaya wowote moyoni. Jirani alipiga simu dukani kuomba wamchukue samaki wao, hata bure. Alijibiwa kwamba mzigo uliokwisha kutumika haurudi.

Huko Uingereza mjadala huu ni wa siku nyingi, na akwaria za umma zimezoea kukataa mkia-mwekundu waliokomaa kwa kukosa pa kuwaweka. Ila mjadala wao hauwezi kuhamishiwa kwetu kama ulivyo. Mtu wa London akimtupa kambare wa Amazoni mtoni, baridi ya msimu wa kwanza itammaliza. Ni ukatili, lakini unaishia hapo. Mto Ruvu hauna baridi hiyo. Maji yake yana joto ambalo wenzetu hulinunua kwa bili ya umeme. Tunavutana juu ya samaki wale wale, lakini kosa lao hufa kabla ya majira ya kuchipua, na letu laweza kuzaa.

Sitaki kutia chumvi hapa. Mkia-mwekundu mmoja aliyetupwa hataujaza mto: anahitaji mwenza, na hata mashamba ya Asia yanayowazalisha hutegemea sindano za homoni. Wa kuogopa zaidi ni yule mpole anayeuzwa kama fundi wa kulamba ukungu kwenye kioo, kambare mwenye magamba ya mifupa wa jamii ya Pterygoplichthys. Naye ni wa Amerika Kusini, naye huuzwa akiwa kidole na kukua mpaka sentimita 40 na zaidi. Akiwa huru huchimba mashimo kwenye kingo na kutaga humo. Katika bwawa la Infiernillo huko Mexico, lililokuwa maarufu kwa sato, wavuvi walianza kuvuta nyavu zilizojaa samaki hawa wenye miiba, wasio na soko. Wakawapa jina: samaki shetani.

Anayeona hayo ni ya mbali akumbuke gugu maji. Kwao ni Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake la zambarau, pambo la mabwawa ya watu wenye nafasi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria, na mitumbwi ikaanza kukwama. Hakuna aliyelileta kwa nia ya kufunga bandari.

Basi tupige marufuku? Hapo ndipo Florida inapotufaa. Katika miaka ya 1960 kambare mtembezi wa Asia, anayepumua hewa na kujikokota juu ya ardhi yenye unyevu, alitoroka huko mikononi mwa wafugaji. Jimbo likakataza kumwingiza na kummiliki. Inasadikiwa kwamba wafugaji wa eneo la Tampa, kwa kuogopa sheria hiyo, waliwamwaga samaki wao majini mwishoni mwa 1967 au mwanzoni mwa 1968. Marufuku iliyokusudiwa kuulinda mto ikageuka njia nyingine ya kuingilia mtoni. Baadaye jimbo hilo hilo lilianzisha utaratibu wa msamaha: mwenye mnyama wa kigeni aliyemshinda humsalimisha bila kushitakiwa, na hutafutiwa mlezi mwingine.

(Marekani, kwa taarifa ya msomaji, imeiweka familia nzima ya kambare huyo katika orodha ya viumbe hatari wasioruhusiwa kuingizwa wakiwa hai. Kambare wetu wa mabwawa, yule wa kukaushwa kwa moshi, ni wa familia hiyo. Kwao sisi ndio Amazoni.)

Rai yangu ni kwamba mkono wa sheria umshike muuzaji kabla ya mnunuzi. Mlamba ukungu azuiwe mpakani, sasa, kabla hajawa wa kila nyumba. Kwa mkia-mwekundu na wenzake, akina pangasi wa mto Mekong ambao huuzwa kwa jina la papa na hufikia mita 1.3, duka liandike kwenye kioo kimo cha samaki aliyekomaa, kwa tarakimu kubwa kuliko za bei, na lilazimike kumpokea samaki wake akirudishwa. Duka linalojua kwamba kila kidole kitarudi kikiwa mkono mzima litapunguza lenyewe kuagiza. Aliyekwisha kununua asiguswe. Apewe pa kumpeleka.

Na anayetaka kambare sebuleni hahitaji kwenda Amazoni. Ziwa Tanganyika lina mmoja wa jamii ya gogogo, mwenye madoa kama chui na kimo cha kutosha tangi la kawaida, ambaye hupenyeza mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaoatamia mdomoni, wanawe wakalelewa na mama asiye wao. Wazungu humlipia fedha nzuri. Kwetu wengi hawajawahi kumwona.

Juzi nilipita kwa jirani, umeme umekatika. Samaki sasa, kwa utepe wa kupimia wa fundi seremala, anafika sentimita 54, na ili ageuke hukunja mkia kwenye kona kama mtu anayevua suruali chooni. Jenereta yao ndogo haiwezi kubeba feni na pampu kwa pamoja. Familia ilikuwa imekaa gizani ikijipepea kwa vipepeo vya ukili, bibi akiwa katikati, na kutoka kwenye kona ya tangi ilisikika pampu peke yake, ikikoroma.