TUYAHURUMIE MAGOTI YETU



Hapa Busale wengi wetu bado tunategemea baiskeli kubebea mpunga, kakao na ndizi. Tunawaona vijana wakipanda kilima na gunia nyuma, wakikanyaga pedeli polepole kwa nguvu zote, wakijisifu kuwa ni mashujaa. Sisi tunasema huo si ushujaa, ni kuyaumiza magoti.

Kwa mzigo na mwendo uleule, mguu unaozunguka mara chache hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kila mzunguko, na goti huelemewa. Ukiwa njiani, hesabu mguu wa kulia unashuka mara ngapi kwa robo dakika. Mara 15 hadi 20 ni kiasi kizuri. Zikipungua chini ya 10 nawe unakanyaga kwa nguvu zote, shuka usukume. Si aibu.

Baiskeli isiyo na gia nayo hurekebishika. Mwombe fundi akufungie nyuma gurudumu lenye meno mengi zaidi. Miguu itazunguka upesi lakini kwa wepesi. Tandiko nalo liinuliwe, goti likunjike kidogo tu pedeli ikiwa chini kabisa. Goti likivimba au maumivu yasipokoma, nenda zahanati.

Nasi wazazi, tusimpakilie kijana mzigo unaomshinda ili tu kuokoa safari moja. Gunia lililobaki litafuatwa kesho, lakini goti likiharibika, familia nzima itachechemea.